Uvimbe Uliosifiwa

Likizo ya Juni ilipofika, Nusaiba alihamia shambani na wazazi wake kama kila mwaka, mwendo wa saa nzima kutoka kijijini kwao Kiranjeranje. Asubuhi alichota maji, akaosha vyombo, kisha akamfuata mama yake, Hafsa, kwenye ufuta. Ufuta ukikomaa haumsubiri mtu. Ukichelewa kuukata, maganda hupasuka na mbegu humwagika chini, ndege wakashukuru.

Hafsa alikuwa na mimba ya miezi minane. Miguu ilikuwa imevimba, na uso nao umejaa hata macho yakawa madogo. Majirani walimsifu wakisema, mashallah, mimba imempenda. Bibi Mwanaasha, mama mzazi wa Hafsa, alijaa fahari kana kwamba yeye ndiye aliyevimba. Alikuwa mkunga wa jadi aliyezalisha nusu ya kijiji, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumbishia.

Nusaiba ndiye aliyekuwa haelewi. Kama mimba ilimpenda mama yake, mbona kila jioni alijifunga kichwa kwa kanga kwa maumivu? Na mbona juzi alinyoosha mkono kushika mpini wa jembe akashika hewa, akasema anaona vimulimuli mchana kweupe? Alipomuuliza bibi, aliambiwa ni jua. Alipomuuliza mama, aliambiwa afunge mdomo.

Siku ya kliniki waliondoka watatu mapema, Hafsa, Nusaiba na bibi. Njiani Hafsa alimvuta binti yake kando.

"Nesi akiuliza, mimi sina tatizo. Wakisikia habari ya kichwa watanipeleka hospitali Lindi, na baba yako hawezi kuvuna peke yake. Umenisikia?"

Nusaiba aliitikia, lakini kichwa kilimvurugika. Madrasa alifundishwa kumtii mama. Madrasa hiyo hiyo alifundishwa kutosema uongo. Sasa ashike lipi, aache lipi?

Zahanatini, bibi alibaki kwenye benchi nje. Nusaiba aliingia ndani, maana mama yake hakuliachia bega lake. Nesi Stefania, mkunga wa pale, alimpima Hafsa presha, akatazama namba, akakunja uso. Ilikuwa mia na arobaini na tano kwa tisini na tano. Aliuliza kama kichwa kinauma. Hakiumi, alijibu Hafsa. Macho? Yanaona vizuri. Maumivu chini ya mbavu? Hakuna. Mkojo wa kupima? Kwa sasa hana. Majibu yalitoka bila kusita, hata Nusaiba akaanza kujitilia shaka, labda vile vimulimuli aliviota yeye. Nesi alisema huenda ni uchovu wa kutembea, akachukua kalamu aandike arudi baada ya siku tatu.

Nusaiba aliona akinyamaza watarudi shambani, na mama atainama tena kwenye ufuta.

"Nesi, mama anaumwa kichwa kila siku," alisema. "Na haoni vizuri. Ndiyo maana amenishika bega."

Hafsa alimkata jicho. Nusaiba aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze. Nesi aliweka kalamu chini bila kumgombeza mtu, akamwomba Hafsa ajaribu tena kutoa mkojo. Alichovya kijikaratasi cha njano, kikageuka kijani, dalili kwamba mkojo una protini. Presha alipoipima tena, ilikuwa mia na sitini na tano kwa mia na kumi. Akamchoma Hafsa sindano, kisha akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

Bibi aliingia akihamaki, akauliza gari la nini, kwa kuvimba tu?

"Miguu kuvimba peke yake si ajabu, bibi," nesi alimjibu kwa upole. "Lakini uso ukivimba, kichwa kikiuma, macho yakiona vimulimuli na presha ikipanda, kifafa cha mimba kimefika mlangoni. Hata mimi nimekosea. Nilitaka kumruhusu kabla sijapima mkojo."

Bibi alipanda gari pamoja nao hadi hospitali ya Lindi.

Baada ya siku mbili Hafsa alijifungua mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti. Ufuta mwingi ulimwagika, na baba alisema mwakani wataupanda tena. Hafsa alimshika Nusaiba mkono, akamwomba radhi kwa kumfundisha uongo, na wote wawili wakalia.

Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda, akampakata mtoto.

"Mdogo wangu alivimba hivi hivi na mimba yake," alisema. "Akaanguka, akatetemeka. Nikasema ni shetani. Nikamfukizia ubani mpaka akakata roho mikononi mwangu. Miaka thelathini namlaumu shetani, kumbe ilikuwa presha."

Alifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mjukuu wangu, mkunga hata awe hodari vipi hajui linalokuuma usipomwambia. Mtu akikutaka umfichie ugonjwa, hata akiwa mama yako, hata nikiwa mimi, sema."

Nusaiba aliitikia, na safari hii hakuwa na la kuuliza.