Kibandiko cha Bibi Azara

Kila jioni, Wumpini alipomaliza kuosha vyombo, alimpaka bibi yake mafuta ya shea mgongoni na mabegani. Kwao Savelugu mtu haendi kulala na ngozi kavu, awe mtoto au mgeni. Siku hizo Bibi Azara hakuweza tena kuinuka kitandani. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa, na daktari alishasema haiponi.

Muuguzi Memunatu alileta vibandiko vya majaribio. Vilitengenezwa kwa nyuzi za mgomba zilizosagwa mpaka zikawa chembe zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo ndizo zilizobeba dawa ya maumivu na kuipitisha kwenye ngozi.

"Mgongo uwe mkavu kabisa," alimwambia Wumpini akibandika cha kwanza. "Mafuta hapana."

Lakini jioni Bibi alinung'unika, "Mjukuu wangu, umeniacha nimepauka hivi, kwani mimi yatima?"

Wumpini akamhurumia, akampaka kidogo tu. Asubuhi alikuta kibandiko kimeteleza. Akakirudisha, akakifunga kwa kitambaa.

Mchana Bibi, ambaye hakuwahi kulia mbele ya watu, alilia kwa maumivu. Muuguzi alipofika aliuliza, "Ulimpaka chochote?"

"Hapana, madamu."

Muuguzi akashusha pumzi. "Basi dawa hii haimfai. Itabidi nimtoe kwenye majaribio, na nyingine yenye nguvu sina." Akaanza kukusanya vibandiko.

Bibi aliuma shuka. Wumpini hakuweza kuvumilia. "Madamu, usiende navyo. Nilimpaka mafuta. Nimekudanganya."

"Usimgombeze," Bibi alisema kwa shida. "Mimi ndiye niliyemsumbua."

Muuguzi akavirudisha vibandiko mezani. Walimwosha Bibi kwa sabuni, wakamkausha, wakabandika kipya. Jioni alilala bila kugumia.

"Mpake miguu," muuguzi alinong'ona. "Huko hakuna kibandiko."

Mvua zilipoanza, Bibi Azara alifariki akiwa usingizini. Muuguzi alikuja msibani, akamkuta Wumpini amejikunyata nyuma ya jiko.

"Siku ile alilia kwa sababu yangu," Wumpini alisema.

"Ndiyo," muuguzi alijibu, akaketi kando yake. "Sitakuficha. Ulikosea kwa kumpenda, ila uongo ndio uliotaka kummaliza. Ukificha kosa, sisi tunailaumu dawa, na anayeumia ni mgonjwa. Ungenyamaza, bibi yako angelia vile mpaka siku ya mwisho."

Wumpini akamwegemea, akalia.