Fundi Wangu Alifuga Ubovu wa Mlango wa Mama

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, naishi Pasiansi hapa Mwanza. Nimeachika, nina binti mmoja anayesoma bweni. Ninaandika kwa sababu nimechoka kuyaeleza haya kwa mdomo. Kila anayekuja kunipa pole huniuliza, "Ilikuwaje?" Nami huanza upya, na kila nikianza upya ni kama ninamzika mama mara nyingine.

Kwa hiyo someni wenyewe, mniache nipumzike.

Ndoa yangu ilipovunjika, kaka yangu Lukas ndiye aliyenipokea. Anaishi ng'ambo, lakini alikuwa amejenga nyumba huku nyumbani na haikuwa na mtu. Akaniambia, "Dada, kaa hapo na mama. Wewe mlee yeye, mimi nitawalea nyote." Ni maneno gani mengine angeweza kusema kaka mwema? Nililia siku ile.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kuonwa! Kwa kuwa ndege hushuka karibu, kaka alileta kwa kontena madirisha na milango yenye vioo viwili viwili, kimoja nje kimoja ndani, na mpira mweusi kuzunguka pembeni. Ukifunga, hata ndege ikipita juu ya bati unaiona tu, huisikii. Wageni walikuwa wanafungua na kufunga, wanacheka kama watoto.

Mama peke yake ndiye hakufurahi. Tulimtoa kijijini kwetu Bujora baada ya baba kufariki, na alizoea nyumba ambayo kuku akilia uani anajua kama ni mwewe au ni yai. Kaka alimjengea chumba chake upande wa nyuma, chenye mlango mmoja tu, wa kutokea uani, na dirisha linalotazama njia ya majirani. Hata hivyo alikuwa akilalamika.

"Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, "nyumba hii ni kiziwi."

Nilimcheka. Nikamwambia mama, hayo ndiyo maendeleo.

Basi, maendeleo yakaanza kuharibika! Mnaoishi kando ya ziwa mnawajua wale vidudu wanaokuja kama moshi kutoka majini. Walikuwa wanakufa kwa mafungu ndani ya reli za madirisha, wanaoza, wanagandia humo. Hendeli zikawa ngumu. Bawaba zikaanza kulia, kisha zikalegea, dirisha likawa linaning'inia. Vitasa navyo vikawa vinakataa ufunguo. Mafundi walikuja wakatazama, wakakuna vichwa. Mmoja alitoa nyundo, nikamfukuza.

Ndipo dada mmoja wa sokoni ninakouza vitenge aliponielekeza kwa Deus, fundi wa aluminiamu mwenye karakana Mkuyuni.

Niseme nini juu ya Deus? Alikuwa mtaratibu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alimwamkia mama akiwa ameinama kabisa, "Shikamoo mama," akasubiri marahaba yake ndipo akafungua begi la vifaa. Kitasa alikifungua kwa upole, akakisafisha, akakipaka mafuta kidogo, akakirudisha, na mlango ukafunga kwa kidole kimoja. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai mkononi, nimesahau kumpa.

Nilikuwa mpweke jamani... Miaka mingi hakuna mwanamume aliyeniuliza kama nimekula. Deus aliniuliza. Siku nyingine alikuja na sato wawili amewafunga kwenye mfuko, akasema ni wa mama. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Binti yangu alikuja likizo akaniambia, "Mama, siku hizi unaimba ukipika."

Lakini kulikuwa na kikwazo. Mama yangu ni Msukuma wa zamani. Nyumba ni ya mtoto wake wa kiume, na mimi ni binti yake hata nikiwa na mvi. Alisema wazi kwamba mwanamume haingii kwenye nyumba ile kunitembelea mpaka alete watu, aseme yeye ni nani na wa ukoo gani. Akileta watu, karibu. Asipoleta, abaki barabarani.

Fundi, hata hivyo, ni fundi. Fundi mwenye begi la vifaa anaingia nyumba yoyote, saa yoyote ya mchana. Nani atamhoji?

Basi Deus alikuwa anaingia na begi lake. Leo dirisha la sebuleni, kesho mlango wa mbele. Anatengeneza, anakaa, anakunywa chai, tunazungumza kwa sauti ya chini huku ameshika bisibisi. Haipiti muda, kitu kingine kinaharibika, namwita tena! Nilidhani ni ubovu wa mali ya ng'ambo isiyopenda ziwa letu. Moyoni nilikuwa nafurahi. Je, ningeuliza nini? Mwenye njaa akiletewa chakula, anauliza kimepikwa wapi?

Mama ndiye aliyeuliza. Siku moja Deus alipoondoka, alimsindikiza kwa macho, akasema, "Huyu fundi wako, anatengeneza au anafuga ubovu kama watu wanavyofuga ng'ombe?"

Nilikasirika! Nilimwambia mama anamwonea mtu wa watu. Akaendelea kuchambua mchele wake. Maneno yale hayajaniacha hadi leo.

Nilimbana Deus alete washenga. Alikubali. Akasema wacha avune mpunga kwanza. Mpunga ukavunwa. Akasema mjomba wake anaumwa. Mjomba akapona... Kila nikimbana, uso wake ulikuwa unalegea, ananishika mkono, anasema, "Kabula, niamini." Nikamwamini.

Kisha mlango wa mama nao ukaanza. Hendeli ikawa inazunguka bure, haivuti ulimi wa kitasa. Deus akaja mbio. Na dirisha la chumba kile bawaba ilikuwa imelegea, kwa hiyo akalikaza kwa skrubu lisifunguke kabisa, akisema anasubiri bawaba mpya kutoka Dar. Mlango aliurekebisha, akaufungua na kuufunga mbele ya mama. "Umepona huo, mama," alisema. Mama akamshukuru. Ndiyo, alimshukuru!

Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi, na upepo wa ziwani ulikuwa wa baridi hasa. Nilikuwa na mteja wa vitenge vya harusi, sikuweza kukosa. Nilimwachia mama uji, nikamfunika blanketi, nikatoka.

Mama alisikia baridi. Akafanya alichofanya maisha yake yote huko Bujora. Aliwasha jiko la mkaa, likakolea, akaliingiza chumbani, akafunga mlango mvua isiingie.

Ndugu zangu, nyumba za Bujora zinapumua. Kuna nafasi juu ya ukuta, kuna ufa mlangoni, hewa inapita. Chumba kile cha kaka hakikuwa hata na tundu la sindano. Vioo viwili, mpira mweusi, dirisha limekazwa kwa skrubu... Na mlango ule ule mama alioufunga kwa mkono wake ukakataa kufunguka.

Niliporudi mchana, mvua ilikuwa imekatika. Nikaita, "Mama!" Kimya. Nikashika hendeli ya nje, ikazunguka bure. Nikachungulia dirishani, nikaona miguu yake chini karibu na mlango.

Nilipiga kelele, vijana wa bodaboda wakaja. Wakapiga kioo kwa jiwe. Kioo kikavunjika, nikashangilia... kumbe ni cha nje tu! Cha ndani kilikuwa kizima. Muda ule wa kuvunja kioo cha pili ndio mrefu kuliko yote niliyowahi kuishi.

Tulimkuta amelala kifudifudi. Hendeli ilikuwa imetoka mlangoni, ameishika. Hospitali walisema alikuwa amefika akiwa amekwisha kufa, ni hewa ya mkaa.

Mnadhani maumivu yaliishia hapo? Siku ya pili ya msiba, jirani yangu Mama Jesca alinivuta kando. Akaniambia kwamba asubuhi ile ya mvua alipita njiani kwenda kununua dagaa, akamwona mama dirishani. Mama alikuwa ameinua mkono, anaupeleka mbele na nyuma, na midomo inacheza. Mama Jesca hakusikia sauti yoyote.

"Nilijua ananisalimia," aliniambia. "Nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo bibi. Nikampungia na mimi. Nikapita."

Mama yangu alikuwa anapiga kioo! Alikuwa anapiga kwa nguvu zake zote na kuita jina la jirani, na jirani akapiga goti, akamwamkia kwa heshima, akaenda sokoni...

Sikumlaumu. Tulishikana tukalia mpaka wanawake wengine wakaja kututenganisha. Hata leo Mama Jesca hapiti njia ile. Anazungukia barabarani.

Deus hakuonekana msibani. Simu yake ilikuwa haipatikani. Nilimtetea, nikasema huenda amesafiri. Tulimzika mama Bujora kando ya baba, na kaka Lukas, aliyewahi mazishi kwa shida, akarudi nami Pasiansi. Akaufungua mlango mwenyewe. Hakuwa fundi, lakini hata asiye fundi angeona. Skrubu ndogo inayoshika hendeli kwenye chuma chake haikuwa imekatika wala kuliwa na kutu. Ilikuwa nzima, imelegezwa hadi mwisho.

Kaka akatuma watu Mkuyuni. Deus akaja, na mnajua alikuja na nani? Mke wake! Mke wa ndoa, amembeba mtoto mgongoni. Alikuwa ameogopa kupigwa, akamleta mwanamke awe ngao yake. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikimtazama yule mtoto, ana masikio ya Deus.

Kaka alimwuliza jambo moja tu. "Nani alilegeza ile skrubu?"

Deus aliliweka begi lake chini. Halafu akasema, "Ni mimi, kaka. Siku zote ni mimi. Nikikaza kitu kimoja nalegeza kingine, ili aniite. Nisingeweza kuleta washenga, mke ninaye. Njia yangu ya kuingia ilikuwa ni ubovu. Nilijua itazunguka kesho au keshokutwa, atanipigia, nitakuja. Sikujua kama mama atawasha jiko..."

Kwa nini mlango wa mama? Alisema mlango wa mzee ukisumbua, hakuna anayengoja. Fundi anaitwa siku hiyo hiyo.

Mke wake alianza kulia kabla yangu. Maskini, naye alikuwa anasikia mengi kwa mara ya kwanza. Akainuka, akafunga kanga yake vizuri, akatoka na mtoto bila kumwangalia mumewe. Ngao ikaondoka.

Kaka hakumgusa. Alimwambia tu, "Toka." Kisha akanigeukia mimi. Ningependa angenipiga! Alisema, "Nilikuachia mama."

Suala la kwenda polisi wazee wa ukoo walilizima. Walisema kesi itanitangaza mimi mji mzima, na marehemu hatarudi. Kaka akasafiri. Ananitumia mahitaji kama zamani, lakini simu zangu hazipokei. Binti yangu ndiye anayezungumza naye, kisha ananiambia, "Mjomba anasalimia." Najua anatunga.

Deus nimemwona mara moja, ng'ambo ya barabara, amebeba begi lake. Amekonda. Watu wananiuliza kama ninamchukia. Chuki inataka nguvu, nami sina. Jambo linaloniuma ni kwamba alinipenda, nadhani alinipenda kweli, na upendo wake ndio uliomfungia mama yangu mlango. Nitaupeleka wapi upendo wa namna hiyo?

Dada zangu, mwanamume anayekupenda ataingia kwa mlango wa heshima, na watu wake mbele yake. Akitafuta kisingizio cha kukufikia, hata kisingizio kitamu, jiulize anaficha nini. Na kitu kinachotengenezwa kila leo na kuharibika kila kesho, mwite mtu mwingine akitazame, hata kama moyo wako haupendi kujua. Mzee wako akikwambia jambo huku anachambua mchele, msikilize. Na msiingize jiko la mkaa ndani ya nyumba hizi za vioo, nawasihi!

Jambo moja zaidi, kisha niache kalamu. Mnapita mitaani kila siku, mnawaona wazee wamekaa nyuma ya vioo. Mkimwona ameinua mkono, msiseme shikamoo mkapita. Simameni. Fungueni mlango, mhakikishe unafunguka.