Mguu wa Sitini na Tano

Kama umetoka kula sasa hivi, weka hii kando, uje baadaye. Mimi mwenyewe naisimulia nimekunja pua.

Palikuwa na karakana ya vifaa vya umeme, na humo mama mmoja waliyemwita Fundi, mchoraji wa saketi. Kazi yake ilikuwa kuchukua orodha ya miguu ya chipu, ile miguu midogo ya chuma, namba na jina la kila mmoja, na kuiingiza kwenye programu aliyoiandika mwenyewe. Programu ilichora kisanduku na kupanga miguu pembeni, kila mguu na jina lake. Mchoro huo ndio wenzake walioufuata kuunda bodi.

Siku hiyo chipu ilikuwa na miguu sitini na minne. Orodha ilikuwa na mistari sitini na mitano, na wa mwisho haukuwa na jina.

Fundi hakushtuka. Chipu nyingi zina kibati chini ya tumbo, nacho huhesabiwa kama mguu. Hii angeigeuza tu angeona tumbo jeusi, tupu, bila kibati, lakini wapi! Programu ikagoma: kila mguu lazima uwe na jina. Basi akaandika la kwanza lililomjia, Kidoti, jina la utani la bintiye wa miaka mitano. Nitabadilisha baadaye, alijisemea. Ah, hiyo baadaye ya mafundi!

Wiki iliyofuata Mzee Risasi, mchomeleaji, alimjia ameziba pua.

"Fundi, umeficha samaki kwenye droo?"

"Samaki gani? Mimi nilidhani ni soksi zako, mzee wangu."

"Acha utani. Ni bodi yako. Njoo uone."

Waliigeuza. Pale penye mguu wa sitini na tano palitokeza kinundu cha nyama, laini, kinachotoa majimaji. Kilikuwa na joto. Mzee Risasi alikikata kwa koleo, kikatema usaha wa njano uliomtiririkia hadi kwenye kiwiko, naye akatapika kwenye ndoo ya takataka. Kesho yake kilikuwa kimeota tena, kikubwa zaidi.

Nyumbani nako Kidoti alianza kuburuta mguu wa kushoto. Hospitali hawakuona kitu. Bibi yake alimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na mguu ukabaki baridi vilevile.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa madirishani, kile kinundu kilipasuka mbele yao, kikaachia ute na harufu ya nyama iliyooza, na ndani ya ute vikatokeza vidole vitano vidogo, vinachezacheza, na kwenye kidole gumba palikuwa na ukucha uliopakwa rangi ya zambarau iliyovuka hadi kwenye ngozi, ovyoovyo, kama anavyopaka mtoto anayejipaka mwenyewe, na Fundi aliijua rangi ile kwa sababu Jumapili alimgombeza mwanawe kwa kuimwaga kwenye shuka.

"Ni wa Kidoti," alinong'ona. "Mzee, huo ni mguu wa mwanangu."

Mzee Risasi hakufanya utani. Alikwenda kumleta mganga, mama mnene mwenye miwani, ambaye naye alipofika mlangoni alijifunika pua kwa mtandio.

"Astaghfirullah! Na hii kazi nimeifanya miaka thelathini," alisema. Alimsikiliza Fundi mpaka mwisho. "Jini hana mwili, mwanangu. Alikaa kwenye orodha yako akisubiri mtu wa kumpa jina. Wewe ukampa."

"Basi nafuta mstari wote, sasa hivi!"

"Thubutu! Ukimfuta anaondoka na alichokishika. Mtoto atabaki bila mguu maisha yake yote. Mpe jina jingine, amwachie huyu."

"Andika la meneja," alidakia Mzee Risasi kwa sauti ya chini.

"Huo ujanja haufui dafu," mganga alisema. "Mwenye jina aliandike kwa mkono wake."

Vidole kwenye bodi vikatulia. Fundi alivuta kibodi, akafuta jina la mwanawe, akaandika lake, herufi moja moja, akabonyeza kitufe cha kuchora upya. Kisanduku kikajichora, na miguu yote sitini na mitano.

Haikupita robo saa, simu ikaita.

"Mama! Naruka kamba! Bibi analia, sijui ana nini!"

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka. Mzee Risasi naye alikuwa akitabasamu, halafu akanusa, akatazama bodi. Ukucha wa zambarau haukuwepo. Palikuwa na kidole gumba kikubwa, cha mtu mzima, chenye ufa katikati ya ukucha. Taratibu alivuta kiti chake nyuma.

Chini ya meza Fundi aligonga kidole gumba cha mguu wake wa kushoto sakafuni, mara moja, mara mbili. Hakusikia maumivu yoyote.

"Ruka, mwanangu," alisema kwenye simu. "Ruka nikusikie."