Usizime Mashine

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi kompyuta, na yeye si mtu wa porojo.

Jioni moja, akiwa hoi kwa kazi, alipitia kwa dada yake, mshonaji. Kompyuta ya mezani ya dada ilikuwa ikidai programu ya ubao mama, ile inayoiwasha mashine, isasishwe.

"Umeme ukikatika katikati, ndiyo basi tena," alimwambia. "Haitawaka."

"Mishono yangu yote imo humo, mdogo wangu. Amua wewe, mimi nimechoka."

Naye alikuwa amechoka. Akasema anaiacha programu ilivyo. Akaizima, akachomoa waya wa umeme, na kwa kuwa ulikuwa umechubuka, akaukunja aondoke nao akaubadilishe.

Walipofika sebuleni umeme ukakatika. Friji ikanyamaza. Gizani, kwenye chumba cha kushonea, feni ya kompyuta ikaanza kuvuma.

"Si umesema unaiacha?" dada akauliza kwa sauti ya uchovu.

Alirudi chumbani. Alisukuma mlango. Kioo kilikuwa kinawaka, kimeandika kwamba usasishaji umefika nusu, mashine isizimwe.

Waya bado alikuwa ameushika mkononi, na ulikuwa unapata moto.