Kidato cha Haboba Teresina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Keji alipangusa vumbi kwenye pikapu ya baba yake. Kazi hiyo haikuwa na mwisho, maana vumbi la Juba halina adabu: ukilifukuza mlangoni, linaingia dirishani. Gari lenyewe lilikuwa Landrova kuukuu. Lemi, baba yake, alirudi nalo kutoka Uganda baada ya amani kupatikana, na sasa alilitumia kubeba watu na mizigo kwenda mji wa Yei. Keji alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye miguu mirefu iliyowachekesha wenzake darasani.

Barabara ya Yei ilikuwa imelitesa gari hilo. Visiki vilivyojificha majanini vilikuwa vimekunja bati la chini ya milango, hata mlango wa abiria ukawa unafungwa kwa kamba. Mwishowe Lemi alilipeleka mtaa wa Malakia kwa Saturnino, fundi wa kuchomelea vyuma. Keji alikwenda naye.

"Chagua mwenyewe, Lemi," Saturnino alisema, akionyesha vyuma viwili vya kukanyagia mlangoni, vilivyolala chini. "Hii ya bapa inaning'inia. Wamama watapanda bila taabu, lakini jiwe ya kwanza itaing'oa. Hii bomba nene, mimi nafunga kwa chasisi, juu kabisa, karibu na mlango. Kisiki ikija inagonga bomba, haifiki kwa bati. Lakini ujue, iko juu."

Lemi alilipenda bomba. Hata hivyo alisita, akakuna kidevu.

"Kuna mama mkwe wangu," alisema. "Nimeahidi kumpeleka Yei Jumamosi."

Mama mkwe huyo alikuwa Teresina, bibi yake Keji, ambaye wajukuu walimwita Haboba. Aliishi mtaa wa Buluk na magoti yalimsumbua. Wakati wa vita yeye alikimbilia Uganda, na dada yake Victoria akakimbilia Kongo. Walikuwa hawajaonana tangu wakati huo. Sasa Victoria alikuwa Yei, mgonjwa, na alikuwa ameomba kumwona.

"Mpime," Saturnino alishauri. "Akifikia bomba, kalas, tumemaliza. Akishindwa, nitaongeza kidato ya chini."

Jambo dogo, lakini si kwa Lemi. Kwa desturi yao, mwanamume hamgusi mama mkwe wake, wala hasimami karibu naye, sembuse kumpima mguu! Kwa hiyo alimpa Keji uzi.

"Nenda Buluk," alimwambia. "Haboba ainue mguu mpaka pale anapoweza bila kuumia. Pima toka chini mpaka kwenye unyayo wake, halafu ufunge fundo. Umesikia?"

"Ndiyo, Baba."

Keji alisikia vizuri sana. Lakini alipofika mtaa wa Hai Cinema aliwakuta wasichana wa darasa lake wakiruka kamba mbele ya duka, na rafiki yake Poni akamwita. Akaingia kidogo. Kidogo hicho kikazaa kingine, na aliposhtuka jua lilikuwa limeegemea magharibi. Buluk kulionekana mbali ghafla. "Mguu ni mguu," alijiambia. Akainua mguu wake mwenyewe, akapima, akafunga fundo, kisha akarudi Malakia akikimbia.

Saturnino, aliyekuwa amekwisha kufunga bomba, alipousimamisha uzi kando ya gari, fundo lilipita bomba.

"Kumbe mama mkwe wako ana miguu ya swala!" alicheka. "Hakuna haja ya kidato ingine."

Lemi naye alicheka. Keji alijitahidi kucheka pamoja nao, kisha akageuka kupangusa vumbi garini.

Jumamosi asubuhi abiria walikusanyika Malakia. Haboba Teresina alikuja amevaa gauni lake la kanisani, amembebea dada yake mbegu za simsim zilizokaangwa. Kiti chake kilikuwa cha mbele mlangoni, Keji akae katikati ili mkwe na mama mkwe wasigusane. Haboba alishika mlango, akainua mguu. Haukufika. Akajaribu tena, akakunja uso kwa maumivu, na mara hii goti likamsaliti. Alirudi nyuma akaketi chini vumbini, mbele ya watu wote, na simsim ikamwagika.

Lemi aligeuza uso upande mwingine. Hakuweza kumsaidia na hakutaka kuiona aibu yake. Abiria mmoja, Loro, mwanamume mwenye nguvu, alijitolea kumnyanyua.

"Mimi si gunia la muhogo," Haboba alimjibu. Kisha akamgeukia Keji, na sauti yake ikashuka. "Mwambie baba yako aende. Alinitengenezea gari vizuri, miguu yangu ndiyo imekwisha. Sikujua kama nimezeeka hivi. Mwambie Victoria nimemsalimu."

Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Keji alikuwa hajawahi kumwona bibi yake akilia, hata siku ya mazishi ya babu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Ukweli ulikuwa kwake peke yake, na akinyamaza gari lingeondoka.

"Haboba, miguu yako haina kosa!" alisema kwa sauti, watu wote wakasikia. "Sikuja Buluk. Nilicheza kamba, halafu nikapima mguu wangu. Baba, nilikudanganya."

Lemi hakumpiga binti yake wala hakumfokea. Alimpa uzi mwingine.

"Pima sasa," alisema tu.

Keji alipiga magoti mbele ya bibi yake, akapima. Abiria walinung'unika kwa kucheleweshwa, na Keji akawaomba radhi mmoja mmoja. Saturnino alichomelea kidato chini ya bomba, akakining'iniza kwa minyororo mifupi ili kikigonga jiwe kirudi nyuma bila kung'oka. Haboba alikanyaga kidato, akakanyaga bomba, akaketi kitini bila kushikwa na mtu.

Walipokwisha kuondoka mjini, Keji alisema polepole, "Nisamehe, Haboba. Niliona ni uongo mdogo, wa uzi tu."

"Uzi hauumii, mjukuu wangu," Haboba alijibu. "Nilipoketi pale vumbini niliamini kwamba nimekwisha. Nilikuwa nimeshamuaga dada yangu moyoni. Ukifanya kazi ya uongo, wewe unaendelea kucheza, na mtu mwingine anabaki akijilaumu kwa kosa ambalo si lake. Leo umenirudishia miguu yangu. Usiisingizie tena."

Jioni, huko Yei, mwanamke mgonjwa alitolewa nje akiwa ameshikwa mikono huku na huku. Haboba hakungoja kuteremshwa. Alishuka mwenyewe, akamwendea dada yake.