Nyumba Iliyofungwa kwa Nje

Jogoo wa kwanza alipowika, Aoko alikuwa ameshaamka. Alichukua mtungi, akatokea mlango wa jikoni, akaenda kwenye kibanda cha maji kabla wanawake wa mtaa wa Manyatta hawajapanga foleni. Zamani hakuwa akichota maji saa hizo. Alikuwa akienda jioni baada ya shule pamoja na rafiki yake Jentrix, na safari hiyo fupi ilikuwa ikichukua muda mrefu kwa sababu ya vicheko. Sasa alichota peke yake na kurudi mbio, maji yakimmwagikia mgongoni.

Aliporudi alikuwa na kazi moja zaidi. Alizunguka mbele ya nyumba, akatia kufuli kwenye mlango mkubwa, akalivuta kuhakikisha limeshika. Kisha akarudi nyuma, akaingia jikoni, na mama yake akafunga komeo. Mtu yeyote aliyepita njiani aliona kufuli na madirisha yaliyofungwa, akadhani wenyewe hawapo. Lakini ndani walikuwemo watatu: Aoko, mdogo wake Adero, na mama yao, Dorca.

Ilikuwa mwaka wa 1989, na Aoko alikuwa darasa la saba.

Hawakuwa wamemkosea mtu. Walijificha kwa sababu walikuwa wameshaagwa.

Baba yao, Walter, alikuwa fundi katika karakana mjini Kisumu mpaka kazi ilipokwisha. Yeye na Mama wakaamua kuuza nyumba ya Manyatta ili wajenge boma karibu na Sondu, ambako nyanya yao alikuwa mgonjwa na amebaki peke yake. Mnunuzi alipatikana upesi. Alikuwa mfanyabiashara wa viazi aitwaye Bildad Kangethe. Alikuja na mkewe, wakaipenda nyumba, wakapatana na Baba, na siku ya kuhama ikapangwa. Baba akatangulia na lori lililobeba vitanda, meza na kabati, ili awahi kupanda mahindi kabla mvua haijapita.

Ndipo watu wakaanza kuwaaga. Wanawake wa kanisa walileta mkeka mpya na sufuria. Kiongozi wao, Mama Selpha, ambaye ndiye mama yake Jentrix, aliomba mpaka wengine wakatoa machozi. Shuleni wanafunzi walimwimbia Aoko, na Mwalimu Nasipwondi akampa mkono mbele ya darasa, akalifuta jina lake kwenye rejista. Aoko alikuwa mtoto mwenye haya, hakupenda kutazamwa. Siku hiyo alitazamwa na shule nzima, akajipa moyo kwamba ni mara moja tu, kwani hangewaona tena.

Kabla juma hilo halijaisha, Kangethe alirudi peke yake, kofia mkononi. Alieleza kwamba lori lake la viazi lilikuwa limepinduka njiani na mzigo wote umeharibika, kwa hiyo hangeweza tena kununua nyumba. Aliomba radhi mara nyingi. Mama alimpa chai, akamwambia hayo ni mambo ya dunia, akamsindikiza hadi njiani. Alipoingia ndani na kufunga mlango, aliketi sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu.

"Watu wametuombea," alisema. "Wametupa zawadi. Jumapili nitapita wapi? Watasema tulikula vitu vyao kwa uongo."

"Lakini hatukudanganya, Mama," Aoko alisema.

"Najua. Nenda ukawaambie hivyo watu wa Manyatta, uone watakavyocheka."

Hawangeweza kumfuata Baba Sondu, kwa maana nyumba ikiachwa bila mtu huamka asubuhi haina mlango wala mabati. Baba alikuwa amewaomba rafiki zake mjini wamtafutie mnunuzi mwingine. Mama akaamua wangoje kimya mpaka mtu huyo atokee, kisha waondoke alfajiri bila kuonekana. Siku hiyo ndipo kufuli lilipoanza kutiwa.

Mchana jua la Kisumu lilipowaka, mabati yalilia ta, ta, ta juu ya vichwa vyao, na ndani kukawa kama tanuri. Madirisha hayakufunguliwa. Mama alipika asubuhi na jioni, moto mdogo, kana kwamba moshi nao ungeweza kuwachongea. Adero, ambaye hakuwa ameanza shule, aliambiwa akitaka kucheka aingize uso kwenye leso ya Mama. Mwanzoni aliona ni mchezo. Baadaye hakutaka tena kucheka, akawa analala tu kwenye magunia yaliyokuwa vitanda vyao, jasho likimtoka.

Aoko alikuwa na ufa wake ukutani, karibu na mlango mkubwa. Kupitia ufa huo aliona kipande cha njia. Asubuhi aliwaona wenzake wakipita na sare zao. Jentrix alikuwa na rafiki mpya sasa. Kengele ya shule ilisikika vizuri kutoka pale, na kila ilipolia Aoko alijua ni somo gani. Alifungua kitabu chake cha hesabu, lakini hakujua wenzake wamefika ukurasa upi, akakifunga. Mtihani wa kuingia darasa la nane ulikuwa ukikaribia. Asiyeufanya angerudia mwaka.

Siku moja alithubutu kusema anataka kurudi shule. Mama hakumgombeza. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba avumilie kidogo, mnunuzi atakuja wiki hii. Wiki hiyo ikapita, na nyingine. Mama alikuwa amekonda. Wakati mwingine aliketi akitazama ukuta, ugali ukipoa mbele yake, na akiulizwa jambo hakusikia.

Alasiri moja mlango mkubwa uligongwa.

Wote watatu wakakauka. Aoko akatambaa hadi kwenye ufa. Nje alisimama mwanamume aliyevaa koti, mtu asiyemjua. Aligonga tena, akalitazama kufuli. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akatazama paa kutoka mwanzo hadi mwisho, akaugonga ukuta kwa kiganja.

"Mama," Aoko alinong'ona, "si mtu wa kanisa. Anatazama nyumba. Ni mnunuzi."

Mama alinyanyuka nusu. Lakini ili amfungulie mtu huyo, ilimbidi atokee jikoni na kuzunguka hadi mbele, na ng'ambo ya njia Mama Selpha na wanawake wenzake walikuwa wameketi wakichambua omena, wale dagaa wa ziwani. Wangemwona. Aoko alimwona mama yake akitazama mlango wa jikoni, kisha akitazama chini, kisha akirudi kuketi.

Nje mtu yule alimwita msichana aliyekuwa akipita. Alikuwa Jentrix. Aoko aliyasikia maneno yao waziwazi. Mtu yule aliuliza wenye nyumba wako wapi, akasema yeye ni Waliaula na ametumwa na rafiki yake Walter.

"Walihama," Jentrix akajibu. "Walienda Sondu."

Waliaula akatikisa kichwa, akaenda zake.

Aoko hakumbuki aliamuaje. Alijikuta amefungua komeo la jikoni, yuko nje, jua likimchoma macho. Alikimbia bila viatu, mbele ya wanawake wa omena, mbele ya kibanda cha maji, hadi barabara ya Kondele. Alitazama huku na huku. Watu walikuwa wengi, wenye makoti hawakuwa wachache, na Waliaula hakuonekana.

Aliporudi, Jentrix alikuwa amesimama njiani anamngoja, mikono kiunoni.

"Habari ya Sondu?" Jentrix aliuliza.

Aoko alishindwa kuvumilia. Alimuuliza kwa nini yeye, rafiki yake wa siku zote, alimdanganya yule mtu.

"Mimi?" Jentrix alishangaa kweli. "Mama alituambia mkitafutwa tuseme mmehama. Alisema ndivyo mnavyotaka, na jirani husaidiwa. Aoko, kila mtu anajua mpo. Adero anakohoa. Mama yako anaimba akiosha vyombo. Mnadhani sisi ni viziwi?"

Aoko hakujua acheke au alie. Alirudi nyumbani akitembea polepole, katikati ya njia, mchana kweupe. Mzee mmoja fundi viatu alimsalimia. Mwenye kibanda cha maji akamwambia siku hizi anaamka mapema mno, kama mwizi wa kuku. Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo. Jambo alilokuwa akiliogopa kwa wiki hizo zote lilikuwa limemtokea, nalo lilichukua muda mfupi kama kuvuka daraja.

Alimweleza Mama kila kitu. Mama alisikiliza, kisha akajifunika uso kwa leso. Mabega yake yalitikisika, na Aoko akadhani analia. Alikuwa akicheka, na katikati ya kicheko kilio kikaja.

Hapo wakasikia hodi jikoni. Mama Selpha aliinama, akaingia na mwili wake mkubwa, mikono bado ina magamba ya omena.

"Leo nimepitia mlango mnaoutumia," alisema.

Mama alifuta macho haraka. Aliinuka, akautoa mkeka mpya uliokuwa umesimamishwa pembeni, bado umefungwa kwa kamba yake. Akamkabidhi kwa mikono miwili. "Uchukue, Mama Jentrix. Mlitupa tuende nao Sondu, na hatukwenda. Mnunuzi alitukataa. Na leo mwingine amekuja nikamwacha aende, kwa aibu."

Mama Selpha aliupokea. Akaitazama kamba, akayatazama magunia yaliyotandikwa sakafuni, akamtazama Adero. Kisha akaifungua ile kamba, akautandika mkeka palepale, akauketia.

"Kwa hiyo mmelala kwenye magunia, na mkeka umesimama ukutani kama mgeni?" aliuliza. "Dorca, sikiliza. Sisi tulikuaga. Hatukukufukuza. Maombi yetu yalikuwa ya safari njema, na safari ikichelewa maombi hayaozi."

"Nilidhani mtacheka."

"Tulicheka. Tulicheka sana, kwa vile mlivyokuwa mkijificha. Lakini kwa kukosa mnunuzi, nani atacheka? Mimi mwenyewe niliuza ng'ombe mmoja akarudishwa mara ngapi?" Alimgeukia Aoko. "Na wewe. Unaitwa Aoko kwa kuwa ulizaliwa nje, nasi wote tulikimbia na mashuka. Unakaaje ndani mwezi mzima? Kesho uende shule."

Asubuhi Mama alivaa nguo yake ya kanisani, akampeleka Aoko mwenyewe. Mlangoni mwa darasa miguu ya Aoko ilitaka kugeuka. Kelele zilianza kabla hajaketi. Mvulana mmoja aliuliza kama Sondu wamemrudisha, na darasa likacheka. Aoko alihisi uso ukiwaka. Kisha alisema, kwa sauti ndogo lakini iliyosikika, "Nyumba yetu haijauzwa. Ikiuzwa, nitaenda."

Hakukuwa na cha kucheka katika maneno hayo, basi kicheko kikafa chenyewe. Mwalimu Nasipwondi akaandika jina lake chini kabisa ya rejista. Akamwambia amepitwa na mengi katika hesabu, kwa hiyo atabaki kila jioni mpaka awafikie wenzake. Aoko hakuwa amewahi kuifurahia adhabu namna hiyo.

Wanawake wa kanisa walimtafuta Waliaula mjini, wakampata. Alikuja Jumamosi, akaketi mkekani, akasikitika sana. Alipoambiwa wamehama, alikuwa ameenda Nyalenda na kununua nyumba nyingine huko. Aoko alimtazama mama yake kwa hofu. Mama akamshukuru kwa kuja, akamwomba amkumbuke akisikia mtu anayetafuta nyumba. Waliaula alipoondoka, Mama alilia, madirisha yakiwa wazi na majirani wakisikia. Kisha akaosha uso, akaenda kwa Mama Selpha kuchambua omena, kwa kuwa ndiyo kazi waliyokuwa wameianza asubuhi.

Siku zikaenda. Aoko aliufanya mtihani wake, akapita. Karibu na kufunga shule, Waliaula alimleta mfanyakazi mwenzake, muuguzi aliyekuwa akitafuta nyumba. Huyu alikagua kila chumba, akauliza maswali mengi, akasema anakwenda kushauriana na mumewe. Atajibu wiki ijayo.

Jioni hiyo Aoko hakuweza kula. Alimuuliza Mama itakuwaje yule muuguzi akikataa naye.

"Akikataa tutaumia," Mama alijibu. "Mwanangu, kuumia si kosa, na si siri ya kufichwa. Mimi niliificha, ikanila mimi na ikataka kuwala ninyi. Niliona kwamba nyumba isipouzwa basi hatuishi. Kumbe kungoja nako ni kuishi. Akikubali, tutafunga mizigo. Akikataa, nitalia, nawe asubuhi utavaa sare uende shule. Sasa kula, ugali unapoa."

Aoko akala.

Jibu lilikuja siku ya mwisho ya muhula. Jentrix ndiye aliyelileta, akihema, ametoka mbio nyumbani: muuguzi amekubali, na Baba ameitwa aje. Habari hiyo ilimkuta Aoko uwanjani, kamba ikizunguka, wasichana wakiimba kwa sauti. Aliisikia vizuri. Akamaliza zamu yake ya kuruka kwanza, ndipo akaenda nyumbani.