Farasi wa Ndege ya Adhuhuri

Zizi lilikuwa tupu, kufuli zima. Saher, farasi dume aliyewatoa jasho wenzake wote Tunis, hakuwemo. Ndege ya kumpeleka Ghuba kwa mnunuzi ilikuwa adhuhuri hiyohiyo.

Mwenye farasi, Si Hedi ("Si" ni "Bwana" kwa watu wa Tunis), alikuwa hatulii, kama kuku anayetaka kutaga. Inspekta Rafika alimwuliza nani mwingine ana ufunguo. Mzee Mongi, akajibu, mwalimu aliyemfunza Saher tangu utotoni. Lakini huyo hana sababu, keshalipwa ada na fungu lake la ushindi.

"Na jingine mliloahidiana?" Rafika aliuliza. Baba yake alikuwa mtu wa farasi. Alijua malipo ya mwalimu hayaishii kwenye ada.

Si Hedi akakohoa. "Kulikuwa na maneno. Kwamba Saher akistaafu, kila mwaka atampanda jike wa Mongi bure. Maneno tu, hatukuandikiana."

"Ahadi ni deni, Si Hedi."

Rafika aliendesha gari hadi shambani kwa Mongi, roho juu. Akamkuta mzee kibarazani, chai yake imepoa. Saher alikuwa uani anakula shayiri, hana hata mkwaruzo.

"Nilikuwa namrudisha, binti yangu."

"Ulimchukua wa nini?"

Mzee akaangalia upande wa dume. Kando alifungwa jike mkongwe, mkia umezungushiwa bendeji safi, kama wafanyavyo wenye farasi siku ya kupandisha, nywele zisije zikazuia.

"Ameshapandwa?"

"Alfajiri." Machozi yalimlenga. "Ni wa mwisho katika ukoo alioniachia baba. Msimu ujao hatashika mimba tena. Hedi alinipa mkono mbele za watu, kisha akauza dume na haki yangu humo humo. Nimeiba, sikatai. Nifunge."

Rafika akamtia pingu. Sheria ni msumeno, na iliukata moyo wake pia.

Simu ikaita. Si Hedi alikuwa njiani. Aliapa kwamba ikiwa Mongi amempandisha yule jike wake, jike huyo atachomwa sindano leo hii mimba isishike, maana mbegu ya Saher imeshauzwa pamoja naye.

Rafika alikata simu. Akamwendea jike, akaifungua bendeji, akaitia mfukoni mwa koti. Mkia ukashuka, ukaanza kufukuza nzi.

"Nikiulizwa," alimwambia mzee, "nilimkuta dume anakula shayiri."